Mnara Unaougua Saa ya Chakula

Jumatatu, 6 Mei

Mnara wa mlimani umelala tena! Umeme ulikatwa mchana kama kawaida yao, betri zikachukua mzigo, na ilipofika alasiri redio zote tatu kule juu, zile zinazobeba simu za watu, zikazimika. Redio zenyewe ni nzima. Zilizokata ni breka zake, zile swichi zinazojikata zenyewe umeme ukipita kiasi. Na mambo ya breka ofisini ni yangu, kwa hiyo wote waligeuka kuniangalia, utadhani nilipanda mlima nikazizima kwa mkono wangu.

Ubaya wa breka ni kwamba hairudi yenyewe. Umeme unaweza kurudi jua likizama, na mnara ukabaki umekufa mpaka mtu aende akaiinue kwa kidole.

Magharibi niko jikoni nakaanga vitunguu, simu ikalia. Koleo.

Koleo ndiye fundi wa upande ule. Nani alimpa jina hilo hajulikani, ila koleo haliondoki mfukoni mwake, hata msibani nilimwona nalo. Desturi yetu ya kazi ni hii: mnara ukirudi hewani, fundi hupiga simu moja ya majaribio palepale chini ya mnara, kuhakikisha sauti inakwenda na inarudi. Anaweza kumpigia yeyote. Wengine humpigia mlinzi wa ofisi, wengine wake zao. Koleo hana mke, na mlinzi wa ofisi anamjua vizuri. Hunipigia mimi.

— Dada Fyuzi, wanisikia?

— Nakusikia.

— Nami nakusikia. Basi mgonjwa kapona.

Hapo majaribio yamekwisha. Lakini hakukata, nami sikukata. Akanisimulia ukungu ulivyokaa njiani mpaka akashuka kwenye pikipiki akaisukuma. Nikamsimulia bomba la ofisini lilivyopasuka. Vitunguu vikaungua.

Mama akauliza kutoka sebuleni, "Mnara gani huo unaougua kila siku saa ya chakula?"

Nikajitia hamnazo.

Jumanne, 7 Mei

Bosi kaniita. Bosi ni kijana, rika la mwanangu. Akiwa na hasira huniita Mhandisi, akiwa na shida huniita Shangazi. Leo nilikuwa Shangazi. Zahanati iliyo chini ya mlima wamelalamika: alasiri hawawezi kuita gari la wagonjwa. Breka za ampea ishirini na tano ni ndogo, akasema, na stoo zipo za sitini na tatu, mpya, hazijatolewa hata kwenye boksi. Zipandishwe tu, watu wapumzike.

Nikamwambia breka haikuwekwa pale kuilinda redio. Imewekwa kuulinda waya. Ukiweka breka kubwa kuliko waya unavyoweza kubeba, siku ya hitilafu breka itakaa kimya, na waya ndio utakaoshika moto, mita hamsini juu, na pengine kuna mtu ameukumbatia mnara wakati huo.

Akasema, "Shangazi, wewe unaupenda sana waya."

Nikasema sikutaja waya peke yake, nimetaja na mtu. Mtu gani, hakuuliza. Afadhali!

Nimeomba siku chache nipige hesabu upya. Ile ya makao makuu naijua kwa kichwa: redio moja inavuta ampea kumi na saba, breka yake ni ya ishirini na tano, nafasi imebaki tele. Karatasini hakuna kosa. Sasa zinakata kwa nini?

Jioni mnara umelala, mnara umeamka, simu imelia. Nilikuwa nimeshachana nywele. Kuchana nywele kwa ajili ya simu! Mtu mzima mimi, na miwani juu.

Ijumaa, 10 Mei

Nimepata!!

Na aliyenipa ni yeye, bila kujua. Jana kwenye simu alikuwa akilalamika tu. Akifika kabla umeme haujarudi, anasema, kabati lile ni tanuri: feni nayo imelala, jua limepiga bati mchana kutwa, ukigusa breka unatoa mkono haraka. Na mita ya betri kila siku anaikuta arobaini na tano, arobaini na sita, imechoka kabisa.

Nikamwambia rudia. Akasema nirudie nini, kwamba nimeungua kidole? Nikasema hapana, namba. (Baadaye nikaona haya. Nikauliza na kidole.)

Leo nimekaa na hesabu tangu asubuhi. Redio haijui kuvumilia. Inataka chakula kilekile, betri ishibe au ife njaa. Volti zikipungua, inafidia kwa kuvuta ampea nyingi zaidi. Chaja ikiwa hai tuna volti hamsini na nne, na redio inavuta kumi na saba, sawasawa na karatasi ya makao makuu. Betri ikishuka mpaka arobaini na tano, na waya mwembamba nao unakula zake njiani, redio ileile inavuta ishirini na mbili! Wao walipiga hesabu ya siku ya harusi. Siku ya njaa hawakuipigia.

Halafu joto. Breka za aina ile zina kibati ndani kinachopinda kikipata moto, ndicho kinachokata. Ishirini na tano iliyoandikwa usoni ni ya chumba chenye ubaridi. Ndani ya tanuri la Koleo inakata kwenye ishirini, ishirini na moja hivi. Kwa hiyo mzigo unapanda, breka inasinyaa, wanakutana alasiri. Kila siku!

Dawa: breka inayokata kwa sumaku, isiyojali joto, ya thelathini na mbili. Na kebo nene zaidi kutoka kabatini mpaka juu, ili breka hiyo iwe na waya unaoistahili.

Nikaandika maombi. Nikayapigia mstari chini kwa rula. Nilijipongeza, nikajinunulia soda.

Halafu nikakaa nayo mkononi, ile soda. Mnara ukipona hautalala. Usipolala hakuna wa kuuamsha. Pasipo na wa kuuamsha hakuna simu ya majaribio.

Sikumpelekea Bosi. Ijumaa jioni nani anasoma maombi? Nimeyatia kwenye droo.

Jumapili, 12 Mei

Jana mnara ulilala. Tuliongea mpaka chai ikapoa, nikaipasha, ikapoa tena. Alisema akistaafu atatengeneza pasi na redio za watu, mlangoni pake, na hatapanda hata ngazi. Nilicheka mpaka Mama akagonga ukuta.

Leo Mama kaniuliza waziwazi. Huyu wa mnara ni nani? Nikasema fundi. Akasema fundi anamjua, fundi wa bomba alikuja akamaliza kazi akaondoka, hakuniacha nikitabasamu na sufuria.

Nikamwambia Mama, mimi ni mjane. Akasema, "Mjane, ndiyo. Mimi pia. Hatukuzikwa nao lakini."

Nampenda Mama yangu. Nampenda na hasira zinanipanda palepale. Mume wangu alikuwa mtu mwema, nilimlilia kwa haki yake, na miaka mingi nilidhani chumba hicho nimekifunga. Sasa kila magharibi nasikiliza simu kama msichana. Basi, nimeandika. Nampenda yule mtu. Napenda anavyosema "nami nakusikia".

Na huku zahanati ile alasiri haina simu. Dawa ninayo mimi, imelala kwenye droo. Kesho nitaipeleka.

Jumatatu, 13 Mei

Sikuipeleka. Bosi aliniuliza mlangoni, nikamwambia bado kidogo. Uongo mtupu, na nilimtazama machoni!

Mvua ilianza mchana. Mnara ukalala kama kawaida. Magharibi ikaja, simu kimya. Chakula tukala, simu kimya. Nikajiambia njia ni mbaya, atachelewa. Nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Mama hakunitania hata mara moja, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Ilipolia nilikuwa tayari nimeishika.

— Wanisikia?

— Uko wapi? Umepatwa na nini?

— Usiogope, Fyuzi. Nimeanguka kidogo na pikipiki. Mkono umeteguka tu. Huu mwingine umetosha kuinua breka.

Anacheka! Amelala kwenye tope, amesimama, amepanda mlima kwa miguu na mkono mmoja, ameamsha mnara, amenipigia, anacheka. Mimi sikucheka. Nilimkaripia kwa nini hakurudi. Akasema na wewe ungelala bila kujua kama sauti inapita?

Aliniita Fyuzi. Dada ameiacha njiani, labda kwenye tope. Siku nyingine ningelikaa na neno hilo nikalikunja na kulikunjua. Leo nimeona aibu. Alipanda kwa sababu mimi nilitaka apande. Kama ile pikipiki ingemwangukia —

Kesho. Kabla ya chai.

Jumanne, 14 Mei

Nimempa Bosi maombi kabla hajaketi.

Kebo mpya ndiyo iliyomkwaza. Kuvuta kebo mnara mzima, wakati za sitini na tatu zipo bure stoo! Tulibishana mpaka wengine wakafunga milango yao. Mwishoni nikamsukumia kalamu. Nikasema, sawa, andika wewe sitini na tatu, na jina lako chini yake, mimi nitakuwa shahidi. Akaitazama kalamu. Akaitazama sana. Halafu akawapigia makao makuu, akawasomea hesabu zangu neno kwa neno, na sauti yake ikawa ya mtu aliyeziamini tangu jana.

Kijana mzuri, basi tu.

Jioni simu ililia. Anajua tayari, mlinzi kamwambia. Akasema, "Kwa hiyo unanitibia mnara wangu." Nikasema ndiyo. Akasema ahsante. Tukaongea habari za hali ya hewa, kama watu wawili kwenye foleni.

Alhamisi, 23 Mei

Kebo zimevutwa wiki hii, breka mpya zimefungwa. Leo nimepanda mlima mwenyewe kwa majaribio, na gari la ofisi. Sikuwa na lazima ya kwenda. Bosi alisema fundi atanisomea namba kwenye simu. Nikasema breka yangu nataka kuiona kwa macho.

Koleo alikuwa amefagia. Mlango wa kabati, ngazi, hata changarawe! Mkono bado kaufunga kitambaa. Ana mvi nyingi kuliko sauti yake. Nilikuwa nimezisahau.

Akafungua mkoba wa vifaa ili nimtolee bisibisi, nami nikaona humo breka ya arobaini, imefungwa kwenye soksi safi. Nikamuuliza anayo tangu lini. Miaka, akasema. Naijua hiyo desturi. Mafundi wengi wakichoka kupanda huweka breka kubwa kimyakimya, mnara unanyamaza, ofisi inadhani umepona, mpaka siku unaungua. Yeye ndiye aliyekuwa akisukuma pikipiki kwenye ukungu kila siku, na dawa ya uvivu alikuwa nayo begani.

— Mbona hukuiweka?

— Waya hauiwezi. — Akageuka kutafuta kitu ambacho hakikuwapo. — Na siku ukija kuikuta, ungehuzunika.

Nilijifanya nasafisha miwani.

Tukazima kwa mkono swichi ya umeme wa mtaa unaoingia kabatini, tukaziacha betri zifanye kazi mpaka zichoke. Hakuna cha kufanya ila kusubiri. Tulikaa kizingitini, chai kwenye kifuniko cha chupa yake, kimoja, kwa zamu. Kila baada ya muda mmoja wetu anaingia kusoma mita. Hamsini na mbili. Hamsini. Arobaini na saba. Ampea zinapanda taratibu kama nilivyosema zitapanda. Ilipofika arobaini na tano tuliingia wote wawili. Hapo ndipo siku zote ilikuwa ikikata. Tanuri! Jasho linanitiririka mgongoni. Niliweka kiganja kwenye breka ya kwanza, yeye kwenye ya pili, tukasimama hivyo, bega kwa bega, hatupumui.

Arobaini na nne. Ampea ishirini na moja. Breka imekaa.

Nilitaka kupiga kelele za furaha, na nilipiga. Yeye alitabasamu tu. Akatoa simu mfukoni kwa mazoea, akaiangalia, akairudisha. "Mnara haukulala," akasema. "Hakuna wa kumpigia."

Na mimi nilikuwa nimesimama palepale! Ningelisema neno lolote! Dereva akapiga honi.

Jumatatu, 27 Mei

Umeme umekatwa mchana. Alasiri niliangalia skrini ya ofisini: mnara wa mlimani, kijani. Zahanati wamepiga kushukuru. Magharibi nilikaanga vitunguu, havikuungua.

Mama: "Mgonjwa wako kapona?"

Kapona, nikasema.

"Mbona unayeonekana mgonjwa ni wewe?"

Jumatano, 29 Mei

Kijani. Kimya.

Ijumaa, 31 Mei

Bosi kanipongeza mbele ya watu wote. Makofi. Hesabu yangu itatumika kwenye minara yote yenye redio za aina ile, sasa kila mtu atapima kwa betri iliyochoka. Nimefurahi, siwezi kusema sikufurahi. Kazi ni kazi.

Halafu, katika pumzi ileile: kwa kuwa mlima sasa umetulia, hauhitaji fundi wake peke yake. Koleo anahamishwa ukanda wa mbali, chini ya ofisi nyingine. Anaondoka Jumatatu. "Sifa zako hizo, Shangazi!" Na yeye kwa kweli alidhani ananisifu.

Ukanda ule una ofisi yake, na mtu wake wa breka. Mnara ukilala huko, simu ya majaribio itapigwa huko.

Nimerudi nyumbani nimejikaza kisabuni. Nimepika. Nimeweka mezani. Mama amekula kidogo, akaweka kijiko. Nikamwambia yote: droo, mkono, kifuniko cha chai, Jumatatu. Nilidhani atanitania. Akasema, "Mficha uchi hazai, mwanangu." Kisha, "Na simu hiyo yako inapokea tu? Haipigi?"

Kweli. Muda wote huu sijawahi kumpigia. Hata siku ya mvua nilikaa nimeishika tu.

Nimepiga moyo konde. Nimempigia. Amepokea mara moja.

— Dada Fyuzi! Mnara umelala?

— Hapana. Uko hewani.

— Breka?

— Nzima.

— Chaja, basi?

— Nzima. Kila kitu kizima.

Nilisikia zipu ya begi ikifungwa, halafu ikasimama katikati.

— Sasa kuna nini?

Nikamwambia subiri kidogo. Nimeilaza simu mezani, nimevuta daftari hili. Mwanamke gani anamwambia mtu asubiri ili aandike? Lakini nisipoliona neno kwenye karatasi kwanza sitaliweza mdomoni. Bado yuko, namsikia anavyopumua. Mama kapunguza sauti ya televisheni, anajifanya anatafuta miwani.

Nitamwambia Mama anaulizia mkono wake. Ndiyo. Mama anauliza umepona?

Hapana. Mama hajauliza kitu. Mimi ndiye ninayeuliza, na si habari za mkono: nikupigie kila magharibi, hata kama hakuna mnara uliolala?